Wiki ya Kawaida

"Nirudishie watu wangu, Bi. Sikujua."

"Watu wako gani?"

"Unawajua. Wale saba. Wako humo ndani kwako wanatafuna."

"Hebu ngoja, Mlekwa. Bikoni yako inasema una mke na watoto watatu. Mkeo nimepishana naye gengeni, watoto wako shule. Hao saba umewazaa lini?"

Watu waliokuwa njiani wakacheka. Na mimi nikacheka, ingawa haikunipasa. Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa bikoni wa mtaa wa Reli Kongwe, viwanja thelathini na sita, na mlezi akikuta ugomvi wa mpakani anatakiwa asimame katikati, uso mkavu. Lakini utaukausha vipi uso, na Kizito Mlekwa amesimama pale na futi kamba shingoni, pini tatu mdomoni, chaki sikioni, na kisheria kwake hakuna hata sindano.

"Tulikubaliana nusu saa," Mlekwa akasema, akizitoa pini moja moja. "Wanaingia kwako, wanahesabiwa, nusu saa ikitimia wanapita kwenye ubao wanakuja kazini. Leo saa nzima na ushee. Nina sare mia mbili za shule hazina kola."

"Wali ulikuwa haujaiva. Niwatoe na njaa?"

"Wamekuja kushona, hawajaja kula."

"Kwangu mtu haondoki hajala."

"Dada Chiku, sema kitu basi," Mlekwa akanigeukia, na sauti akaishusha kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Unanong'ona nini?" Bi. Sikujua akamwambia. "Haisikii maneno hiyo. Muulize Chiku."

"Haisikii," nikasema. "Inasikia nyayo tu. Na moto, na maji."

Ndivyo zilivyo. Bikoni za wazee wetu zilikuwa vipande vya zege vyenye namba, vinakaa pembeni mwa kiwanja, mbuzi anajikunia. Hizi za sasa zinafukiwa katikati ya kiwanja, urefu wa mchi wa kinu. Zinahesabu nyayo zinazoingia na zinazotoka. Zinamjua mtoto na mkubwa kwa uzito, zinajua jiko la nyumbani na jiko la mama lishe kwa joto, zinajua mtetemo wa cherehani na mtetemo wa mtu anayekoroma. Kila alfajiri bikoni inalinganisha ilichohesabu jana na ilichofundishwa kwamba nyumba hii ni ya matumizi gani. Vikilingana, taa yako kwenye nguzo ya mtaa inawaka kijani. Visipolingana inawaka njano, na unaanza kuhesabiwa siku. Zikifika tisini hujajirekebisha, hati inarudi mjini yenyewe. Hakuna baraza, hakuna karani, hata wa kumpelekea jogoo hayupo.

Mlekwa alifundishwa kuwa ni Makazi, watu watano. Kwa hiyo mafundi wake waliingia kwa Bi. Sikujua, wakapita juu ya ubao uliolala kati ya kuta mbili, wakashukia kwenye sakafu aliyoitandika juu ya matairi ya lori ili cherehani zisiguse ardhi. Mtaa mzima uliijua habari ya ubao. Mimi pia niliijua, na nilikuwa nimeapa kiapo cha mlezi.

Bi. Sikujua yeye aliwataka hao watu, tena wengi. Kiwanja chake kilikuwa kimefundishwa kuwa ni Ukumbi.

"Sikiliza, Mlekwa," akasema, na hapo utani ukamtoka. "Keshokutwa Ijumaa ni siku yangu ya tisini. Nahitaji vichwa mia moja na arobaini. Nikivikosa, nyumba imekwenda. Hao saba wako ni kumi na nne kwa siku mbili. Niachie wale."

Mlekwa akaangalia chini, akarudisha pini mdomoni, akaingia kwake.

*

Ngoja niseme ilikuwaje, maana kila anayepita pale huuliza vipi mjane mmoja wa miaka sitini na saba, mwenye vyumba vitatu na ua, alikuja kuitwa ukumbi.

Miaka mitatu kabla ya hapo mji ulipozileta bikoni, kila mtaa ulipewa wiki moja ya kuzifundisha. Siku saba. Afisa akasimama na kipaza sauti akasema, "Ishini kama kawaida. Msibadilishe chochote. Bikoni itawatazama, itajifunza ninyi ni nani." Ukiwaambia watu wa Reli Kongwe kwamba anakuja mgeni kutazama wanavyoishi, watafanya nini? Walifagia.

Mlekwa alipakia cherehani zote zikaenda kwa dada yake kule Mikese. Mama wa maandazi alizima jiko, wiki nzima wanawe wakala mkate wa dukani na kulia. Wenye wapangaji waliwaomba wapangaji wakalale kwa jamaa. Kuku walihamishwa. Kinyozi alifunga kibanda akawa anakwenda na kurudi na mkoba mtupu, kama mtu mwenye ofisi. Mimi mwenyewe, mlezi wa bikoni, niliwatuma watoto wanne wa marehemu dada yangu kwa bibi yao kule Matombo, na mabegi yao ya shule, ili nionekane mtu wa maana. Bikoni zikajifunza kwamba sisi ni watu wachache, wakimya, hatupiki sana, na kazi zetu ziko mbali. Tangu hapo tukawa tunaishi kwa kujificha nyumbani kwetu wenyewe, kila mmoja na ujanja wake wa kuikwepa bikoni.

Siku ya pili ya wiki hiyo Mzee Kobelo, mume wa Bi. Sikujua, alianguka bafuni akafariki.

Kwenye msiba nani anajificha? Turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa mpaka barabarani, masufuria yakatoka kila nyumba. Ndugu walishuka kutoka milimani kwa makundi. Siku tano watu mia mbili walikula na kulala kwenye kiwanja kile. Bikoni ya Bi. Sikujua ikatazama, ikajifunza, na siku ya nane ikatoa jibu: Ukumbi.

Mambo ya ukumbi yana sheria zake. Mlango hauruhusiwi kufungwa mchana wala usiku, komeo lake linakataa. Juu ya mlango kuna namba nyekundu zinazoonyesha vichwa. Na ukumbi lazima utumike, wastani wa watu thelathini kwa siku katika kila siku tisini, kila mmoja akae si chini ya nusu saa, la sivyo unapewa mwingine atakayeutumia. Walioomba kiwanja kile walikuwepo tayari, watu wa maonyesho ya harusi, walishapita mara mbili kupima ua.

Kwa hiyo kwa miaka mitatu mama yule alikamata watu. Wanakwaya, wanafunzi, vijana wa pikipiki wanaongoja abiria, wapita njia waliokimbia mvua. Aliwapikia ili wakae. Nyumba ilijaa kila siku, vicheko mpaka jioni, na mimi sikukosa. Nilikuwa naona raha, kusema kweli. Kama kuna pahali habari za mtaa zilipikwa na kupakuliwa, ni pale. Sikuwa natazama miguu yake ilivyovimba. Sikujiuliza anaoga saa ngapi mtu ambaye mlango wake haufungiki.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua ila mimi. Kwenye kitabu cha mlezi, ukurasa wa tisa, imeandikwa: ukitokea msiba au harusi ndani ya wiki ya kufundisha, mlezi aisitishe bikoni ya kiwanja hicho. Ni kubonyeza tu, kwenye nguzo. Mimi siku hizo nilikuwa jikoni kwa Bi. Sikujua, mwiko mkononi, nageuza ugali wa watu mia mbili. Sikukumbuka nguzo. Wiki ilipokwisha nikaenda nikaweka dole gumba mara moja kwa viwanja vyote thelathini na sita, chini ya maneno haya: Wiki ilikuwa ya kawaida.

*

Alhamisi saa tisa alasiri niliita mkutano. Nikauita kwa Bi. Sikujua, si pengine, kila aliyekuja awe kichwa. Walikuja. Watu wa Reli Kongwe ukiwaambia kuna jambo la kusema hawaulizi jambo gani. Walijaa vyumbani, uani, wengine wakakalia ukingo wa kisima.

"Nimeita tulizungumze hili waziwazi," nikasema. "Wiki ile ya kufundisha haikuwa ya kawaida, kila mmoja hapa anajua. Tukikubali, naweza kwenda kwenye nguzo nikaomba ifundishwe upya. Bikoni ya Bi. Sikujua itajifunza kwamba hapa anaishi mtu mmoja."

"Ya kwake peke yake?" mama wa maandazi akauliza.

Hilo swali nililiogopa. "Hapana. Zilifundishwa kwa duru moja. Ikifunguliwa ya mmoja, zinafunguliwa zote."

Wote wakasema kwa pamoja. Mlekwa akapanda kwenye kiti ili aonekane, maana ni mfupi.

"Dada Chiku, nakuheshimu. Lakini unachosema ni tuuze nyumba thelathini na tano tununue moja. Wakija kutazama leo watakuta nini kwangu? Matairi. Kwa mzee Lukwele pale watakuta betri za magari mpaka chini ya kitanda, usikatae mzee. Kwako watakuta watoto wanne wasiokuwemo kwenye hesabu."

"Watanikuta nao."

"Na utahamia nao wapi?"

Mzee Lukwele akasema betri ni mbili tu. Mtu akamwambia labda mbili kwa kila tofali. Mama mmoja akalia. Kinyozi akataka kura, wengine wakasema kura ya nini wakati watu wanasema ukweli. Walinitazama wakiona nimewasaliti, na mimi niliwaona wana haki. Siri zilikuwa zao, na mimi nilizijua kwa sababu walinikaribisha ndani.

Bi. Sikujua alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Akasema bila kunyanyuka, "Acheni. Nitakwenda kwa kaka yangu. Ana banda nyuma ya nyumba. Msivunjiane milango kwa ajili yangu."

Aliposema vile ndipo walipozidi kubishana, maana kila mmoja alitaka kusema kwamba si yeye aliyemfukuza. Saa ikapita, ya pili ikaingia. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa nilipomsikia mmoja wa mafundi wa Mlekwa, binti anayeitwa Sinda, akisema, "Jamani, angalieni juu."

Namba nyekundu juu ya mlango zilikuwa zimegeuka kijani. Tulikuwa watu mia moja na hamsini na mmoja, tumekaa zaidi ya nusu saa, tunagombana. Vichwa vilikuwa vimetimia na kupita.

Sijui nani alianza. Nilisikia kigelegele kimoja, kisha vikawa vingi, na Mlekwa akashuka kwenye kiti akamkumbatia Bi. Sikujua mpaka pini ikamchoma. Watu waliolia wakacheka. Mzee Lukwele akasema kumbe ugomvi nao una faida, tuwe tunagombana kila baada ya miezi mitatu. Wakaondoka wakipigana mabega, wepesi, kama watu waliotoka kwa daktari wakaambiwa hawana kitu. Mkutano ulikwisha hivyo, bila kura, bila uamuzi, na hakuna aliyetaka uamuzi.

*

Nilibaki kukusanya vikombe. Nilipoingia jikoni nikamkuta Bi. Sikujua amepiga magoti mbele ya beseni, anachagua maharage. Debe zima. Anatoa mawe, anatupa, anatoa mawe.

"Ya nini jioni hii na kesho yote ipo?" nikamuuliza.

"Keshokutwa ni siku ya kwanza, Chiku. Tisini nyingine. Nikianza na vichwa vichache nitahangaika mwishoni kama safari hii."

Alisema bila kulalamika, na hilo ndilo lililonikata. Angelalamika ningemfariji nikaenda kulala. Akanyoosha mkono ashike ukuta asimame, mkono ukateleza, akakaa tena, akacheka kidogo. "Miguu hii. Nikifa hapa hata hawatajua nimekufa, watadhani nimewapisha wakae."

Mtaa ulikuwa salama. Nyumba ilikuwa salama. Nilikuwa naweza kuosha vikombe vile nikaondoka na siri yangu, na hakuna mtu duniani angenidai neno. Kila mtu alikuwa amepata nafuu yake, na nafuu hiyo ilikuwa imemkalia mama mmoja magotini, anachagua maharage.

"Bi. Sikujua," nikasema, "msiba wa mzee ulitakiwa usihesabiwe."

"Usihesabiwe vipi?"

Nikamwambia. Ukurasa wa tisa, nguzo, mwiko, dole gumba. Nilisema vyote haraka, nimesimama, na vikombe vimenijaa mikononi. Nilipomaliza alikaa akiangalia maharage.

"Miaka mitatu," akasema.

"Ndiyo."

"Nilidhani ni ardhi imeamua. Nikasema labda ilimpenda Kobelo, ikataka watu waendelee kuja. Nikapika." Akatupa jiwe. "Na wewe ulikuwa unakuja kila siku unakula."

"Nilikuwa nakuja."

"Ningekufungia mlango usoni, Chiku, kama ningekuwa na mlango."

Niliweka vikombe chini. Nikatoka, nikatembea mpaka kwenye nguzo, jua likiwa bado halijazama, watu bado wamekaa vibarazani wanasimuliana jinsi namba zilivyogeuka kijani. Waliniona. Mlekwa aliinuka, akasema, "Dada Chiku, mbona huko?" Nikaweka dole gumba pale penye maneno Taarifa ya mlezi ilikuwa ya uongo, nikalishikilia mpaka nguzo ikalia mara tatu. Taa zote thelathini na sita zikawa nyeupe, yaani bikoni zote zimefunguliwa upya.

Watu wakaingia ndani mmoja mmoja, wakafunga milango. Heri wangenipigia kelele.

*

Afisa alikuja Ijumaa asubuhi, mwanamke mrefu wa makamo, Semkiwa jina lake, na viatu vya matope mkononi kwa sababu alidhani bado tuna tope. Aliketi na mimi nyumbani kwangu, watoto wanne wakimtazama kutoka uvunguni. Nilikuwa nimewaambia wajifiche, kisha nikawaambia wasijifiche, wakachanganyikiwa.

"Unajua adhabu ya taarifa ya uongo?" akaniuliza.

"Sijui. Naijua ya mtaa, nyumba zinarudi."

"Nani kakwambia?"

Nikafikiri. Nani aliyeniambia? Kinyozi aliambiwa na shemeji yake, shemeji alisikia mtaa mwingine. "Inasemwa," nikajibu.

"Adhabu ni ya aliyeweka dole," Afisa Semkiwa akasema. "Hutakuwa mlezi tena, na dole lako halitakubaliwa kwenye nguzo yoyote ya mji huu. Hao wengine hawakuapa chochote." Akawatazama watoto. "Wiki inaanza kesho alfajiri. Siku saba. Ishini kama kawaida."

"Ndivyo mlivyosema mara ya kwanza."

"Nami nashangaa mara hii mtafanya nini," akasema, akaondoka na viatu vyake.

Nilizunguka nyumba hadi nyumba. Sikuwa mlezi tena, nilikuwa jirani tu mwenye lawama, na wengine walinifungulia nusu mlango. Niliwaomba jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitamwomba mtu: msifagie. Washeni majiko. Warudisheni wapangaji. Kama mna kuku, kuku watembee. Mama wa maandazi aliniambia, "Chiku, nikiikosa nyumba hii nitakuja kulala kwako na beseni langu la unga." Nikamwambia mlango uko wazi. Siku ya kwanza Mlekwa alificha cherehani mbili chini ya kitanda. Siku ya pili Sinda akazitoa bila kuomba ruhusa. Siku ya tatu nilisikia, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, cherehani saba zikilia juu ya ardhi yenyewe, si juu ya matairi, na ubao ulikuwa umeondolewa, mtu ameupigia misumari akaufanya meza ya kukatia nguo.

Nyumba moja tu ilikuwa kimya. Tuliambizana tusiingie kwa Bi. Sikujua, mtu yeyote, wiki nzima. Mlango ulikuwa wazi kama siku zote na hakuna aliyevuka kizingiti. Nilipita mara nyingi. Nilimwona amekaa ndani na redio. Mara moja macho yetu yalikutana, akayageuza.

*

Jibu lilisomwa siku ya nane saa nne asubuhi. Mtaa mzima ulisimama mbele ya nguzo, na kwa mara ya kwanza niliwaona wapangaji wote mchana kweupe, watu ambao nimewasikia wakikohoa ukutani miaka na miaka. Afisa Semkiwa alisimama na karatasi. Taa zilikuwa bado nyeupe.

"Kiwanja namba moja," akasoma. "Mchanganyiko."

Tukatazamana. "Ndiyo nini hiyo?" kinyozi akauliza, maana kilikuwa chake.

"Makazi na kazi kwa pamoja. Watu wengi, majiko mengi, biashara ndogo, karakana isiyo ya moto mkubwa. Iko kwenye kitabu tangu siku ya kwanza, ukurasa wa arobaini." Akainua macho. "Hatujawahi kuitoa kwa mtaa wowote. Ofisini tulikuwa tunataka kuifuta, tukidhani watu wa mjini hawaishi hivyo tena."

"Hawaishi vipi?" Mlekwa akasema.

"Hivi mnavyoishi."

Akaendelea kusoma. Namba mbili, Mchanganyiko. Namba tatu, Mchanganyiko. Alipofika kwa Mlekwa akasoma, "Mchanganyiko, cherehani mpaka kumi na mbili," na Mlekwa akamuuliza kama amesema kumi na mbili au mbili, akarudiwa, akaketi chini palepale kwenye vumbi na suruali yake mpya ya mtumba. Kwangu walisoma mtu mzima mmoja na watoto wanne, nikahisi kitu kinaniteremka kutoka mabegani mpaka kwenye nyayo. Nyumba nne zilibaki Makazi kwa sababu kweli ni za watu wakimya, wapo. Mzee Lukwele alipewa mwezi mmoja ahamishe betri, akanuna, akasema wameonewa wazee. Taa zilikuwa zinawaka kijani moja baada ya nyingine.

"Kiwanja namba ishirini na mbili," Afisa akasoma. "Makazi. Mtu mmoja."

Bi. Sikujua alikuwa nyuma kabisa, kanga kichwani. Aligeuka akaanza kutembea kwenda kwake na sisi wote tukamfuata kwa nyuma, polepole, tukiwa tumesahau kwamba wengine hawajasomewa. Alifika mlangoni. Namba zilikuwa zimezimika. Aliingia, akashika mlango, akausukuma, mlango ukalia kwa kutu ya miaka mitatu, ukajifunga. Tukasikia komeo.

Tulisimama nje watu zaidi ya mia tukisikiliza ukimya wa nyumba ile. Mama wa maandazi alikuwa anafuta machozi kwa pindo la kanga yangu, si lake. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuondoka, maana majiko yalikuwa yanawaka, na sare za shule zilikuwa bado. Afisa Semkiwa alinipa karatasi ya kuachishwa, nikaikunja nikaiweka kifuani.

Nilienda nyumbani, nikarudi. Nikaenda tena. Saa saba mchana nilikuwa nimesimama mbele ya mlango ule sijui nafanya nini na mikono yangu. Miaka mitatu nimeingia humo bila kuuliza mtu. Nikagonga.

"Hodi."

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Nani?"

"Ni mimi, Chiku."

Nilikuwa nageuka niondoke.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu, Bi. Sikujua. Nimekuja kukusalimu. Ukisema nirudi, narudi."

Komeo likalegea. Mlango ukafunguka kiasi cha uso wake, na uso wake ulikuwa umelala, ule usingizi wa mchana unaoacha alama za mkeka shavuni. Alinitazama juu mpaka chini. Nyuma yake, mezani, kulikuwa na sufuria ndogo, ile ya kuchemshia uji wa mtoto, na sahani moja.

"Bado nimekukasirikia," akasema.

"Najua."

"Nitakukasirikia mpaka mwezi wa Ramadhani."

"Sawa, mama."

Akaufungua mlango wote, akasogea pembeni. "Nimepika cha mtu mmoja, sikuzoea, sijui hata kama chumvi imekaa. Ingia, kalete sahani jikoni tule."